Shamba la pamoja huku Bushi: karatasi ya bwasa kwanza, maharagwe baadaye

Vikundi vingi vya wakulima Kabare na Walungu, huku Kivu Kusini nchini Kongo, havivunjwi na ukame wala wadudu. Vinavunjwa na ardhi isiyo yao. Familia maskini ina kipande kidogo nyuma ya nyumba, na shamba la chakula inakodi kwa bwasa, makubaliano ya msimu yasiyoruhusu kupanda migomba, kahawa wala miti. Kalinzi, haki ya kudumu juu ya ardhi, ndiyo inayorithiwa, lakini iliombwa kwa kutoa ng'ombe, na mnyonge ng'ombe atamtoa wapi?

Basi inakuwa hivi. Kikundi kinapewa majembe na mbegu, akina mama wanabeba samadi vichwani msimu mzima, udongo uliochoka unafufuka, na mavuno ya pili yakipendeza tu mwenye ardhi anaitaka. Jasho lote limebaki kwake. Inauma, na inazuilika, kwa hiyo anayetaka kusaidia familia hizi aanzie hapo, kabla hajanunua jembe hata moja.

Mkataba uwe wa miaka mitatu, yaani misimu sita ukihesabu A na B, misimu miwili ya kilimo ya kila mwaka. Uandike malipo ya kila msimu, mipaka kwa hatua na alama zinazoonekana (mfereji, jiwe, mti), na sharti kwamba mazao yaliyo shambani yavunwe kwanza hata kama ardhi inarudishwa. Asaini mwenye ardhi pamoja na mkewe na watoto wake wakubwa, kwa sababu akifa warithi ndio watakaokuja na maneno. Shefu wa kijiji na majirani wanaopakana na shamba wawe mashahidi. Majina ya wanawake yaandikwe waziwazi, maana ndio wanaolima. Nakala tatu.

Kuna sharti moja zaidi ambalo wengi hulisahau: ruhusa ya kupanda kaliandra (mti mdogo unaokatwa fito) na mabingobingo (majani ya tembo) kwenye kingo. Bila hiyo maharagwe marefu, yale yanayotambaa juu ya miti, hayana pa kupandia. Maharagwe haya huweza kuzaa mara mbili au tatu kuliko mafupi kwenye eneo lile lile, lakini yanataka miti ya kusimamia, na hesabu yake si ndogo.

Chukua ari 10, mita 20 kwa 50. Mistari ikiachana sentimita 50 na mashimo sentimita 20, mbegu moja kila shimo, unapata mimea 10,000. Mbegu zinazotosha ni kilo 5. Mti mmoja kwa mimea miwili ni miti 5,000, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 2 au zaidi. Kuinunua yote kunaweza kumeza faida. Kaliandra ya kingoni inapunguza gharama hiyo, ila haitoi miti siku ileile, ndiyo maana mkataba wa msimu mmoja hauna faida. Wakati mnaisubiri, simamisheni nguzo imara kila mita 3, fungeni kamba juu, kisha mshushe uzi hadi kwenye mmea. Miti au nguzo zisimikwe kabla mimea haijaanza kutambaa, pamoja na palizi ya kwanza. Ukichelewa mimea inajisokota yenyewe kwa yenyewe, na ukiitenganisha unakata maua.

Samadi ni kilo 1,000 kwa ari hizo 10, yaani vikapu 50 vya kilo 20, iliyooza vizuri. Mbichi huunguza mche na kuleta magugu. Kwenye udongo mchachu wa Walungu msiruke hatua hii. Pale fosforasi, kirutubisho cha mimea, ni haba, na maharagwe yasiyopata samadi yanabaki manjano na mafupi hata mvua ikiwa nzuri.

Mbegu zichaguliwe shambani, kabla ya kuvuna: funga kitambaa kwenye mimea yenye afya, acha yenye madoa meusi kwenye maganda, kwani ugonjwa wa chule husafiri ndani ya mbegu. Aliyechukua kilo 5 za mbegu za kikundi arudishe 7 kabla ya mavuno kugawanywa. Na kila kikundi kiwe na MUSO (mfuko wa akiba na kusaidiana) yenye sanduku jekundu, lile la dharura, kwa sababu mtoto akiugua usiku na sanduku ni tupu, kitakachouzwa asubuhi kwenye soko la Kadutu, Bukavu, ni mbegu.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Kupima ukavu, kausha chumvi kwenye sufuria, iache ipoe, tia kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza punje hadi robo ya chupa, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, punje bado zina maji. Ikianguka yote chini, zimekauka, lakini kidumu kinataka zaidi: ongeza siku moja ya jua juu ya turubai, kisha jaza kidumu kikavu hadi shingoni na ufunge. Mayai na mabuu ya wadudu huingia ghalani pamoja na punje kutoka shambani. Yanakufa kwa kukosa hewa, basi anayefungua kidumu kila wiki kuchungulia anayapa uhai. Kama hakuna kidumu, paka punje mafuta ya kupikia, mililita 5 kwa kilo, ukichanganya kwa mikono mpaka kila punje ing'ae.