Mkia wa kipepeo

Posa ya mdogo wangu ilipita salama Alhamisi, wajomba walielewana, mbuzi walipatikana, na binti yangu mkubwa kamaliza mtihani wa serikali bila homa wala machozi. Hayo yanastahili kuandikwa na siku yake itafika. Lakini tangu Jumapili kuna sentensi moja ya Mama Mukubwa inayonizunguka kichwani. Nikihesabu vidonge famasi naisikia, nikifua naisikia, na usiku umeme ukikatika ndipo inasikika zaidi.

Baada ya misa nilimpelekea Fouga yangu, mfano mdogo wa ile jeti ya Kifaransa ya kufundishia marubani. Ninyi wa kikao chetu cha wapenzi wa ndege cha Jumamosi mnaijua, ndiyo ile ya shaba ambayo mkia wake ulinisumbua msimu mzima wa mvua, kila nikilehemu upande mmoja wa pili unaachia. Mwishowe ulikubali. Kioo cha marubani nilikikata kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na ule mrija wa kuchungulia wa mwalimu anayekaa kiti cha nyuma (kwenye ndege halisi upo, bila huo haoni mbele vizuri) niliutengeneza kwa pini. Niliingia uani nikisema kwa sauti: "Mama, leo nimekuletea ndege nzuri kupita zote!"

Alikuwa chini ya mwembe kwenye kiti chake cha plastiki. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuvaa miwani. Akapitisha kidole gumba kwenye mabawa marefu membamba, akagusa vitangi vya mafuta kwenye ncha, kisha akafika nyuma, pale ambapo ndege nyingine zina mkia wa kusimama na vibawa viwili vya kulala. Fouga haina. Ina mkia wa kipepeo, vipande viwili tu vilivyoinuka kwa mshazari, kimoja kulia, kimoja kushoto, na kati yao pana uwazi. Kidole chake kikasimama kwenye uwazi ule.

"Hii mukia niko naijua," akasema.

"Uliiona wapi, Mama?"

"Ilipitaka juu yetu. Kule kambini."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Halafu, bila kuinua macho:

"Ni nani alikuambia kama iko muzuri?"

Sikujibu, kwa sababu wakati huohuo bukari ilifika na sombe, watoto wakaja kunawa, ndege ikawekwa dirishani, na mazungumzo yakahamia kwenye posa.

Nimeirudia sentensi hiyo kwa kila sauti ninayoweza kuwaza. Nikiirudia kwa ukali inakuwa karipio: wewe uliyezaliwa juzi, nani kakudanganya? Nikiirudia kwa uchovu inakuwa ya mtu ambaye hataki kukumbushwa nyumbani kwake, siku ya Jumapili, mbele ya wajukuu. Lakini yeye hakusema kwa ukali, wala hakusema kwa uchovu. Uzito wote aliuweka kwenye "nani". Hakuuliza kama ndege ni nzuri au mbaya. Aliuliza habari ilitoka kwa nani. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu sikuona kwa nini mtu aulize hivyo.

Nani aliniambia, basi? Ningeweza kutaja kikao chetu cha Jumamosi, maana huko ndiko tunakogombania uzuri wa ndege mpaka soda zinapata moto. Mwalimu wa hesabu haachi Constellation yake, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1943: mgongo uliopinda wote kutoka puani hadi nyuma, na mikia mitatu mifupi badala ya mmoja mrefu, ili iweze kuingia katika hangari za siku zile. Hapo sina ubishi, Constellation ni malkia. Jirani yetu dereva ni mtu wa Concorde, na kila mara atatukumbusha kwamba Mobutu alikuwa akiikodi itue Gbadolite, katikati ya msitu. Kijana wa simu anaipenda Antonov 72, ile yenye injini mbili zilizokaa juu ya mabawa kama masikio. Wenzake humcheka, lakini mimi namtetea, kwa sababu ndege ile inaeleweka ukiitazama: injini ziko juu ili zisimeze mawe ya viwanja vibovu, na upepo wake hupuliziwa juu ya bawa, kwa hiyo inanyanyuka kwenye njia fupi. Kwa nchi yetu hiyo ni akili kubwa. Mimi huwa naanza na VC10, injini nne zote mkiani, bawa safi, iliyobuniwa kwa viwanja vya juu na vya joto kama Nairobi ambako hewa ni nyepesi, na East African Airways waliirusha. Halafu namalizia na Fouga, na wote hukubali. Lakini hao hawakuniambia. Mimi ndiye niliyewaambia wao.

Ningeweza pia kumweleza Mama jinsi mkia ule ulivyozaliwa. Wabunifu wawili Wafaransa, Castello na Mauboussin, walikuwa wakitengeneza glaida, ndege nyepesi zisizo na injini. Mwaka 1949 waliweka injini ndogo ya jeti mgongoni mwa glaida mojawapo. Moto wa jeti ungeupiga mkia wa kawaida moja kwa moja, kwa hivyo wakaupasua mkia vipande viwili na kuuacha moto upite katikati. Baadaye walipotengeneza Fouga hii, Magister, ya kufundishia marubani, iliyoruka Julai 1952, injini zilikuwa mbili na zikahamia ubavuni, ila mkia waliuacha vilevile. Kila kipande kinafanya kazi mbili. Rubani akivuta usukani, vyote viwili vinaitikia pamoja na pua inapanda. Akikanyaga pedali, kimoja kinakwenda huku na kingine kule, na ndege inageuka. Viungo viwili kufanya kazi ya vitatu, bila kitu cha ziada: mimi kwa macho yangu sijaona mkia mwingine unaotoshelezwa na umbo lake kiasi hicho. Hakuna aliyeniambia. Niliuona kwenye gazeti kuukuu la Kifaransa katika maktaba ya parokia nikiwa msichana, nikaukata ule ukurasa kwa ruhusa ya padri.

Ila jibu la namna hiyo lingesikika vipi masikioni mwa mtu aliyekuwa kambini?

Kwa sababu na yale mengine nayajua, na ninyi mnayajua. Fouga tatu zililetwa huku Katanga ya Tshombe, aliyekuwa ameitenga na Kongo, Februari 1961, zimefunguliwa vipandevipande ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mizigo. Moja ilianguka. Moja Umoja wa Mataifa waliikamata hapahapa Lubumbashi, uwanja wa ndege, mwishoni mwa Agosti. Ikabaki moja. Ile moja, na rubani Mbelgiji ndani yake, Septemba ile iliwasimamisha wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu katika Kongo nzima hawakuwa na jeti hata moja ya kivita ya kuikabili. Wanajeshi wao Waayalandi waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, ilikuwa ikiwajia kutoka juu na mabomu, na wao hawana la kufanya isipokuwa kulala kwenye mahandaki yao. Dag Hammarskjöld mwenyewe, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akienda Ndola, Zambia ya leo, kuonana na Tshombe, ndege yake ya DC-6 ilipita njia ndefu ya kuzunguka, usiku, kwa kuikwepa hiyohiyo, na ikaanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18. Na familia ya mama yangu, mnajua, mwezi ule ilikuwa imeshakimbia nyumba yake katika mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na kulala katika kambi ya wakimbizi Waluba, chini ya ulinzi wa hao waliokuwa wakishambuliwa.

Kwa hiyo Jumatatu na Jumanne nilikaa na uchungu. Sikuona aibu, naomba nieleweke. Mkia ule ni mzuri, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Uchungu wangu ulikuwa kwamba kitu ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuvipiga nyundo kimekaa dirishani kwa mtu aliyelala kifudifudi kikipita juu yake, na kila akifungua pazia atakiona. Nilitaka kwenda kukichukua. Nilitaka pia kisiondoke.

Jumatano nilimpelekea dawa zake za presha. Ndege ilikuwa palepale, na mtu alikuwa ameipangusa. Shaba ilikuwa inang'aa kuliko nilivyoiacha.

"Haukunijibu," akasema kabla sijakaa.

"Nini, Mama?"

"Nilikuuliza ni nani. Nilifikiri ni mama yako alikuambia maneno ya Yaya."

Yaya ni mjomba yetu wa kwanza, yule wa kwenye picha ya sebuleni mwenye suruali pana, aliyepanda treni ya kwenda Kasai mwaka 1993 pamoja na Wakasai wengine wote waliofukuzwa Katanga, na hatukumwona tena. Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka mikono yake tu, na harufu ya grisi.

Akanieleza. Filimbi ndiyo iliyotangulia, zile injini zilikuwa na mlio mkali wa kupenya, watu walikuwa wakiusikia kabla ya kuona chochote. Kambi nzima ikalala chini, akina mama juu ya watoto wao. Ndege ikapita chini, ikainama upande, na jua likapiga mkia. Na Yaya, ambaye hakuwa na umri wa kuvaa suruali ndefu, alikuwa amesimama peke yake katikati ya watu waliolala, mkono umeelekea juu, akipiga kelele: "Muangalie mukia! Iko muzuri! Iko muzuri!" Babu akamvuta mguu akaanguka, akamzaba kofi mbele ya kambi yote.

"Kofi ile ndiyo tulicheka," Mama Mukubwa akasema, na akacheka tena, bega lote likitikisika. "Kambini kule, na ile njaa, tulicheka."

Kumbe siku ile ya Jumapili nilipoingia uani nikipaza sauti, aliyesikika masikioni mwake alikuwa mwingine. Mama yangu alikuwa mchanga mgongoni wakati ule, hajui lolote, na hajawahi kunisimulia. Hakuna aliyeniambia. Nilimjibu hivyo hatimaye: "Hakuna, Mama. Niliona mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa risiti yake, akachukua ile ndege, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo kwenye uwazi wa mkia.

Halafu akaniuliza: "Na ile munene, hauitengeneze?"

Nikamuuliza munene gani. Akachora kwa mikono hewani: mdomo wazi mbele, tumbo kubwa, mabawa yamelala nyuma. Nilishtuka kwa furaha. Alikuwa anachora Tunnan! Saab 29 ya Uswidi, ambayo Waswidi wenyewe waliipa jina la Pipa, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1948 na ambayo wapenzi wengi wa ndege wanaiweka kwenye orodha ya zenye sura ya ajabu. Ni nene kwa sababu injini yake ni pana na hewa inaingia mdomoni na kupita moja kwa moja mwilini. Unene huo haukuizuia kuweka rekodi ya dunia ya kasi kwenye mzunguko wa kilomita 500 mwaka 1954. Umoja wa Mataifa walizileta Oktoba 1961, pamoja na jeti za Ethiopia na za India, ili wasibaki tena bila kinga angani. Baadhi yake hazikurudi Uswidi; kazi ilipokwisha mwaka 1963 gharama ya kuzisafirisha ilionekana kubwa, zikaharibiwa hukuhuku Kongo. Kila nikifikiria hilo roho inaniuma. Ingebaki moja tu Lubumbashi, hata bila injini, watoto wangepanda juu yake.

"Ile tulikuwaka tunaipigia makofi," akasema. "Yaya hakuipenda. Alisema iko mubaya. Mimi niliipenda."

Kwa hiyo ninyi wa Jumamosi, habari ndiyo hiyo: kuna mtu mwingine wa ndege katika ukoo huu, amekaa chini ya mwembe miaka yote, ana chaguo lake, na si lile la kaka yake. Nimeshapata kipande cha shaba cha kutosha. Tumbo lile litahitaji kupigwa juu ya gogo lililochongwa mviringo, si juu ya meza, na sijui nitampata wapi seremala wa kunichongea kabla ya mvua. Mdomo wake nitautengeneza kwa bomba la maji.

Jambo jingine, tafadhali. Mdogo wangu mwingine, wa kiume, hakufika kwenye posa kwa sababu lori lake lilikuwa kwenye foleni mpakani Kasumbalesa, na tangu Ijumaa asubuhi simu yake haipatikani. Huenda chaji imeisha, hilo hutokea. Lakini turniboi wake, msaidizi wa safari, naye hapatikani, na mke wa mdogo wangu yuko karibu kujifungua. Lori ni jekundu, turubai ya bluu iliyoshonwa kona ya nyuma kwa uzi mweupe. Mwenye ndugu au rafiki kwenye foleni ile amwombe apite upande wa Zambia pia, maana huenda wameshavuka, kisha aniandikie hata usiku wa manane.