Siku Buzz Lightyear Alipofika Ngomeni

Buzz Lightyear wangu, yule mwanasesere wa mwanaanga wa filamu ya Toy Story, alitoka kwenye rundo la mtumba sokoni Malindi. Nilimnunua kwa pesa za Idi mwaka 2009, wenzangu wakikimbilia aiskrimu na bunduki za maji. Bawa moja lilikuwa limeng'oka, kioo cha kofia kimejaa mikwaruzo, na chini ya unyayo mtoto wa huko alikotoka alikuwa ameandika herufi za jina lake kwa wino uliofutika nusu. Hizo herufi ndizo zilizonifanya nimchukue. Katika filamu, Andy, mtoto mwenye wanasesere, naye aliandika jina lake papo hapo, unyayoni, na mimi nilijua kwamba huyu alikuwa na mwenyewe aliyempenda.

Idi pili tukapanda matatu kwenda Ngomeni kumwamkia mjomba. Njia inapita Gongoni, penye mashamba ya chumvi, na jua lile lilikuwa linapiga juu ya marundo meupe mpaka macho yanauma. Nilikaa nyuma na mtoto wa ami yangu aliyekuja kutoka Mombasa. Alipomwona Buzz akaniambia, bila hata kushusha sauti, kwamba mwenzake amerudi kutoka angani siku chache zilizopita.

Abiria waligeuka. Yeye akaendelea, maana alikuwa ameisoma habari ile saiba, kwenye intaneti, na ameishika tarehe kwa tarehe. Mwanasesere wa Buzz, wa inchi 12, wa dukani kabisa, aliondoka Florida tarehe 31 Mei 2008 ndani ya chombo cha Discovery, akakaa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kisha akashushwa tarehe 11 Septemba 2009. Siku 467. Mwanadamu aliyekaa angani muda mrefu zaidi kwa safari moja ni Mrusi, Valeri Polyakov, na yeye aliishia siku 437. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha mahamri mapajani akasema, "Toba! Na chakula je?" Gari zima likacheka.

Mjomba tulimkuta chini ya mwarobaini, anashona jarife, wavu wake wa kuvulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Idi mubarak," akajibu, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa Buzz.

Ujana wake alifanya kazi kwenye boti zilizowavusha wafanyakazi hadi majukwaa ya San Marco, yale ya Waitaliano ya kurushia roketi, ambayo kutoka pale tulipokaa ungeona miguu yake ya chuma imesimama baharini. Akamgeuzageuza yule mwanasesere, akabonyeza kitufe cha kifuani, bawa lililobaki likafyatuka. Akalirudisha kwa kidole, akabonyeza tena. Kisha akafungua kioo cha kofia na kugusa ile kofia ndogo ya zambarau iliyobana kichwa. "Hii nimeiona," akasema. "Waliokwenda mwezini walikuwa wakivaa ya namna hii ndani ya ile kubwa."

Alisema kweli. Nilikuja kujua baadaye kwamba wachoraji wa Pixar, studio iliyotengeneza filamu ile, walimchora Buzz kwa kuangalia mavazi ya wanaanga wa Apollo. Mwanzoni hakuwa Buzz hata kidogo. Aliitwa Lunar Larry, halafu Tempus, na suti yake katika michoro ya awali ilikuwa nyekundu. Kijani na zambarau zilikuja kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani: kijani ni rangi aliyoipenda mwongozaji John Lasseter, na zambarau ni ya mkewe. Jina nalo likachukuliwa kwa Buzz Aldrin, mtu wa pili kukanyaga mwezi, Julai 1969, ambaye mama yake alizaliwa katika ukoo wa Moon, yaani Mwezi. Filamu ilipotoka mwaka 1995, ya kwanza ndefu kuchorwa yote kwa kompyuta, wanasesere wa Buzz waliisha madukani Marekani kabla ya Krismasi kufika.

Lakini siku ile hatukufika huko, maana mjomba alikuwa na lake.

"Huyu wenu alirushwa na Wamarekani kutoka kwao," akasema. "Sisi tulirusha kutoka hapa."

Mtoto wa ami akaniangalia. Mjomba akanyoosha kidole baharini. Roketi ya kwanza ya kupeleka setilaiti kutoka pale iliondoka mwaka 1967 na ya mwisho mwaka 1988, lakini aliyotaka kutueleza ni ile ya tarehe 12 Disemba 1970. Ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, Kenya inatimiza miaka saba tangu ipate uhuru, kwa hivyo setilaiti ile ikapewa jina Uhuru. "Moto tuliuona kwanza," akasema. "Mngurumo ukaja nyuma yake, na ndege wote wa mikokoni wakaruka. Hata hatukushangilia. Tulikuwa tumeshikana mikono tu."

Nikamuuliza kwa nini hapa, si Roma kwao. Akaniuliza kama nimepanda pembea ya kuzunguka pale uwanjani siku ya Idi. Aliyekaa karibu na mlingoti wa katikati anazunguka polepole, akasema, na aliyekaa ukingoni anarushwa. Dunia pia inazunguka, na ukingo wake ni huku kwetu, karibu na ikweta. Roketi ikiondoka kuelekea mashariki inakuta imeshasukumwa. Na vipande vyake vikianguka, vinaanguka baharini, haviangukii paa la mtu.

Katika yote niliyosoma tangu siku ile, Uhuru ndiyo inayonishangaza zaidi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, kimojawapo cha vyanzo hivyo, huenda ni shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hauwezi kukitoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Shuleni kwetu, mwendo wa matatu moja tu kutoka Ngomeni, hakuna mwalimu aliyewahi kututajia hayo. Bado inaniuma.

"Na wao walivaa hivi?" mtoto wa ami akauliza, akimwonyesha Buzz.

"Wapi! Zile zetu hazikubeba mtu. Waliokuwa jukwaani walivaa kofia ngumu na mashati yaliyolowa jasho."

Jua likaanza kushuka tukaitwa kula. Mjomba alimketisha Buzz kwenye ukingo wa baraza, na wajukuu wake wakambonyeza kitufe mpaka kikalegea.

Mwaka 2012 nikasoma kwamba yule Buzz aliyekwenda angani amekabidhiwa makumbusho ya Smithsonian jijini Washington, yale yale yaliyo na chombo cha Apollo 11 alichorudi nacho Aldrin. Nikampigia mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi na boti yetu nayo iwekwe," akasema. "Pale Malindi pana makumbusho, sivyo?"

Nikamjibu kwamba yapo, na jambo hilo mimi nitalisema popote nitakapopata wa kunisikiliza. Akaniambia mbao za ile boti bado zimo kwenye mikoko, ila nanga anayo yeye, uani, na nikiitaka nije na wenzangu wawili, kwa sababu ile si ya kubebwa na mtu mmoja.