Nyuki, alizeti na mwanga wa asubuhi

Msimu huu wa alizeti picha zangu za nyuki zimebadilika kabisa, nikizifungua kwenye kompyuta nazikuza nazikuza natafuta jicho, na jicho lipo, mpaka vinyweleo vyake vinahesabika. Kamera ni ileile, lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nalisoma ua kwanza, nyuki baadaye.

Iko hivi. Kichwa cha alizeti tunakiita ua moja ila ukisogea karibu unakuta ni vimaua vidogovidogo kibao vimejipanga kwa mizunguko, na havifunguki vyote kwa pamoja, vinaanza vya pembeni halafu siku hadi siku vinaingia kuelekea katikati. Kwa hiyo ukikiangalia leo kuna pete moja tu ndo imefunguka, imejaa ungaunga wa njano, ya nje imeshasinyaa na katikati bado kumefumba. Nyuki akitua hahangaiki, anaenda kwenye ile pete na kuizunguka kimaua kwa kimaua. Basi simkimbizi tena, nazima otofokasi, kamera isijitafutie ukali yenyewe, nafokasi kwa mkono kwenye pete, natulia, anaingia mwenyewe kwenye fremu, mi nasogeza mwili mbele au nyuma kidogo sana, maana kwa ukaribu ule hata ukibana tundu la lenzi mpaka f/11 sehemu inayotoka kali ni kama milimita moja hivi, ukipumua vibaya jicho limepotea umebaki na mabawa.

Halafu muda. Hili wapigapicha wenzangu wa Dodoma nawaambia kila siku: alizeti inayofuata jua ni ile changa, ikishachanua na kukomaa inatulia, inatazama mashariki. Maana yake asubuhi jua linaipiga usoni, inapata joto mapema na nyuki wanapapenda hapo penye joto. We simama jua liwe mgongoni, kivuli chako tu kisiangukie ua. Kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu ni raha tupu. Ikifika saa nne mwanga unachoma na upepo wetu huu mnaujua, kichwa kinayumba tu. Panzi na vunjajungu nao asubuhi bado miili imepoa, unawasogelea kabisa hawaruki.

Fleshi naitumia pia, nimeifunika kwa kipande cha dumu jeupe, mwanga unasambaa vizuri na mgongo wa mdudu hauwaki doa jeupe.

Jana nilimwonyesha mama mwenye shamba, huku upande wa Kongwa, picha ya nyuki ana donge la chavua, ule ungaunga wa njano, mguu wa nyuma. Akaishika simu muda mrefu. "Mwanangu, hiki kidonge kakitoa kwenye alizeti zangu?" Nikamwambia ndiyo mama, na ungaunga mwingine ulioshika kwenye vinyweleo vya mwili wake akipita nao kwenye kichwa kingine ndo mbegu zinajaa vizuri. Akasema basi dawa itapigwa jioni, nyuki wakisharudi kwao. Nilifurahi sana aisee, kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa kwa picha.

Kinachofuata ni ua la mbuyu. Lile linafunguka jioni na wageni wake ni popo na nondo, kwa hiyo taa lazima, na shida kubwa ni urefu. Mwenye kuujua mbuyu wenye matawi ya chini maeneo ya Bahi au Chamwino aniambie, ntaenda na ngazi.