Kutwa Nzima Bondeni

Tulianza kutembea kabla jua halijachomoza, maana alfajiri ndipo ndege huimba zaidi. Kando ya mto nilikaa sana nikimtazama mdiria: alipiga mbawa hewani bila kusogea, kichwa kimetulia tuli, mara akajitupa majini na kuibuka na samaki mdogo. Akampigiza tawini, kisha akammeza akitanguliza kichwa ili mapezi yasimkwame kooni. Uzuri ulioje!

Malishoni, yangeyange waliandamana na ng'ombe wakidaka panzi waliokurupushwa na kwato. Kwenye tope niliona nyayo mbichi za swala, mwenyewe hatukumwona.

Kileleni mandhari yanapendeza, milima nyuma ya milima, lakini mimi ningebaki mtoni hadi jioni. Ukienda, beba darubini, hata ndogo.