Majani meusi chini ya jua lisilotua

Nimechoka na michoro ya misitu ya sayari nyingine. Usiku huu nimepitia mingi kwenye simu mpaka chaji ikakaribia kukata, na karibu yote ni mamoja: mnazi uliopakwa zambarau, uyoga unaowaka taa, na nyuma yake miezi mitatu imejipanga angani. Mchoraji kabadilisha rangi tu. Hakujiuliza mmea ule unapata wapi chakula, jua lake ni la namna gani, wala usiku wake una urefu gani. Mimi si mwanasayansi, ni msomaji mbishi tu, lakini kwangu hayo ndiyo maswali ya mwanzo.

Haya, tuanze na hiyo rangi, maana ndiyo inayopendwa. Umbijani, ile klorofili tuliyoikariri shuleni, hunasa zaidi nuru ya bluu na nyekundu. Ya kijani huiachia sehemu kubwa, nayo ndiyo inayotufikia machoni. Huo ni utaratibu wa hapa, chini ya jua hili. Nyota zilizo nyingi zaidi kwenye galaksi yetu ni ndogo na nyekundu, zile ziitwazo vibete, na sehemu kubwa ya nuru yake ni mionzi ya infraredi ambayo jicho la mtu haliioni. Mwaka 2007 Nancy Kiang wa NASA na wenzake waliandika kuhusu rangi ambazo mimea ingeweza kuwa nazo chini ya nyota za aina mbalimbali. Kwa vibete, mmea unaweza kulazimika kunasa kila chembe ya nuru inayopatikana, usirudishe kitu, na kwa macho yetu ungeonekana mweusi. Mweusi tii, shina na majani.

Kabla ya huyo mama kuna wazee waliokwisha kujaribu. Gavriil Tikhov, mwanaastronomia wa Kisovieti, alianzisha idara nzima ya elimu ya mimea ya angani huko Alma-Ata, Kazakhstan, mwaka 1947. Aliona kwamba mimea ya sehemu za baridi kali hurudisha mionzi michache ya joto kuliko ile ya sehemu za kawaida, akasema basi mimea ya Mirihi itakuwa na rangi ya kuelekea bluu, kwa kuwa haiwezi kumudu kutupa joto. Hoja nzuri kabisa! Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani William Sinton naye akapima nuru ya Mirihi akaona alama alizodhani ni za mimea. Baadaye ikajulikana kwamba sehemu ya alama hizo ilitoka kwenye mvuke wa maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito, ya angahewa letu wenyewe, hapa hapa Duniani. Julai 1965 chombo Mariner 4 kikapita karibu na Mirihi na kutuma picha za mashimo na vumbi. Tikhov alikuwa amefariki mwaka 1960, hakuziona. Mimi namheshimu kuliko wachoraji wa uyoga wa taa, kwa sababu yeye alianza na baridi ndipo akafika kwenye jani.

Kuhusu umbo, niliyoyaona Horombo yamenitosha. Pale, zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari kwenye Kilimanjaro, jua la mchana linababua na usiku maji yanaganda. Asubuhi mapema mwongozaji wetu alituonyesha lobelia iliyokuwa imejifunga, majani yamekumbatiana kuelekea katikati. Akaifunua kidogo kwa kidole. Ndani kulikuwa na maji, juu yake utando mwembamba wa barafu, na chini ya barafu maji bado ni maji, yamekizunguka kichipukizi kisife kwa baridi. Pembeni yake seneshio ndefu kuliko mtu, shina lote limefunikwa majani yake yenyewe yaliyokufa zamani na kukataa kudondoka. Ukiingiza mkono humo unakuta pakavu, na penye uvuguvugu kidogo kuliko nje.

Sasa, kwenye milima ya Andes huko Kolombia kuna mmea uitwao frailejón. Ukiweka picha yake kando ya seneshio yetu, mtu asiyejua atasema ni ndugu wa tumbo moja. Undugu wao ni wa mbali, kwenye ukoo mpana wa alizeti, na kila mmoja ameupata mwili huo peke yake, bara lake na mlima wake. Baridi ya kila usiku na jua la kila mchana ndivyo vilivyowalazimisha. Ndiyo maana siamini kwamba mimea ya mbali itakuwa na maumbo ya ajabu kupindukia. Nuru ikitoka juu, maji yakiwa chini na uzito ukivuta, kitu chenye shina na bapa za kunasia nuru kitajitokeza tu.

Kinachonikosesha usingizi ni jambo jingine, nalo silioni likichorwa. Nyota TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka 40 hivi ya nuru, ina sayari 7 zenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia. Mojawapo, iliyopewa herufi e, huizunguka nyota yake kwa siku 6 na kidogo. Kwa ukaribu huo wataalamu wanadhani upande mmoja wa sayari unatazama nyota daima, kama mwezi unavyotuonyesha uso ule ule. Hakuna macheo wala machweo. Jua, pana angani kama mara 4 ya letu, limesimama pale pale milele.

Hebu fikiria mmea hapo. Hauna haja ya kugeuka, kwa hiyo majani yote yataelekea upande mmoja kama madishi kwenye mapaa ya Kariakoo. Kivuli nacho hakihami. Nyuma ya kila jiwe kuna giza la kudumu, na mmea ulioota hatua moja pembeni unaishi hadi uzee huku mbegu iliyoangukia gizani haipati chochote, si leo wala kesho. Hapa kwetu hata kijimche cha chini ya mwembe hupata jua la saa kumi jioni. Kule ramani ya nani ale na nani asile imeshachorwa, na haibadiliki mpaka mti uanguke au mwamba upasuke. Ningetarajia vita vikali sana vya majirani, mizizi na matawi yakitambaa kutafuta mpaka wa kivuli. Tena vibete hawa wana tabia ya kulipuka na kumwaga mionzi mikali. Labda huko kuna majani yanayojikunja ghafla mithili ya kifauongo, ila kwa kuguswa na nuru.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa biolojia, nilipomtumia haya alinijibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne, na nusu yake ilikuwa kicheko. Akasema, bwana we, umeshapanda msitu wakati hata hatujui kama kuna hewa. Ni kweli: darubini ya angani ya James Webb imeshazipima sayari mbili zilizo karibu zaidi na TRAPPIST-1, na hakuna dalili ya angahewa zito. Kisha akanipiga kwa hoja ambayo sijaipatia jibu. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5, na mimea ya nchi kavu imekuwapo kwa takriban milioni 470 tu. Mgeni kutoka mbali angetua hapa siku yoyote kwa kubahatisha, karibu mara tisa kati ya kumi angekuta miamba mitupu na utando wa vijidudu majini, labda mwekundu kama ule wa Ziwa Natron wakati chumvi imezidi. Hakuna shina, hakuna jani.

Nimemwambia nakubali kuhusu uwezekano, lakini kuhusu kivuli sirudi nyuma. Hata utando wa vijidudu, ukiwa kwenye sayari ile, utaishia pale kivuli cha jiwe kinapoanzia. Bado hajanijibu, naona tiki mbili za bluu tu.