Kugonga chuma sio kuanika nyasi

Kuna misemo ya Kiingereza ya mambo ya bahati ambayo shuleni tulipewa kwa mkupuo, "strike while the iron is hot" udongo uwahi ungali maji, "make hay while the sun shines" udongo uwahi ungali maji, unaandika unapata vema maisha yanaendelea. Mi naona hapo tulipigwa.

Chuma cha mhunzi kikitoka motoni kinapoa fasta, kwa hiyo ule msemo ni wa kuwahi tu, bosi leo kaamka vizuri basi omba nyongeza leoleo. Ni wa kitambo kweli, Chaucer, yule mshairi wa Kiingereza, kautumia karne ya 14 huko. Sasa hiyo "make hay" ni kuanika nyasi za mifugo, kazi ya siku kadhaa, muulize mfugaji wa Bonde la Ufa anayelima nyasi za boma Rhodes: unakata, unaanika, unageuza, zikikauka ndo unafunga marobota, maana ukifunga na unyevu zinaota ukungu na zikirundikwa stoo zinaweza hata kushika moto zenyewe. Na Uingereza mvua hainaga adabu, inanyesha mpaka kiangazi, kwa hiyo kwao jua la siku tatu nne mfululizo ndo bahati yenyewe (sisi jua tunalikimbia, labda ndo maana msemo haukutuingia). Yaani mambo yakikunyookea piga kazi uweke akiba. Mwenye gesti Nungwi kule Zanzibar, mwezi wa nane watalii wakijaa, anaanika nyasi, hagongi chuma.

"Try your luck" na "push your luck" nazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kutuma maombi ya kazi mahali humjui mtu, ukikosa poa tu. Ya pili ushapata na bado unachokonoa, umesamehewa kuchelewa jana na juzi na leo tena unaingia saa nne na chai mkononi. Mtu akikwambia "don't push your luck" hakutakii heri huyo.

Ila inayonivunja mbavu ni "luck out". Kwa Wamarekani "I lucked out" ni nimebahatika, wakati "I'm out of luck" ndo umekosa. Jamaa yetu aliyeko kule kapata green card akaandika hiyo ya kwanza kwenye grupu la WhatsApp la familia, basi wajomba na mashangazi wakashusha pole mwanetu, Mungu ana makusudi yake, mpaka kuna aliyeuliza mchango unatumwa namba gani.