Kabla ya kuchukua fibula kutengeneza taya, ujue nani analisha wayo

Ameloblastoma, uvimbe wa taya, ikishakula nusu ya taya la chini, mfupa wa kuziba pengo hutafutwa mguuni. Fibula, ule mfupa mwembamba ulio upande wa nje wa muundi, hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili. Ni mrefu, ni mgumu, na una ateri inayoteremka sambamba nao. Mwaka 1975 Ian Taylor wa Australia na wenzake waliripoti kuuhamisha pamoja na mishipa yake ili kuziba pengo la tibia, mfupa mnene wa muundi. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akaeleza namna ya kuutumia kujenga taya. Leo ndio tegemeo la kwanza kwa mapengo makubwa ya taya. Watu huzungumza sana juu ya taya jipya na kidogo mno juu ya mguu uliotolewa mfupa, na mguu huo ndio ninaoutetea hapa.

Chini ya goti ateri kuu hutoa kwanza ateri ya tibia ya mbele. Shina linalobaki hugawanyika kuwa tibia ya nyuma na peronea, ile ateri inayoteremka sambamba na fibula. Kwa watu wengi zile mbili za tibia ndizo zinazofika kwenye wayo na kuulisha, na peronea huishia karibu na kifundo kwa vitawi vyembamba. Fibula ikitoka, peronea hutoka nayo, na wayo hausikii lolote.

Wapo wachache ambao hawakuumbwa hivyo. Kwa wengine tibia ya nyuma ni nyembamba kama uzi au hukatikia njiani, na peronea hushuka kushika nafasi yake nyuma ya kifundo. Kwa wengine tibia ya mbele ndiyo iliyonyauka. Hapo tawi la peronea hupenya utando wa kati ya mifupa miwili, kama sentimita 5 juu ya kifundo cha nje, na kuwa ateri ya juu ya wayo. Na wapo ambao zote mbili ni dhaifu, wayo mzima ukitegemea peronea peke yake. Kwa Kilatini huitwa *peronea magna*. Kumchukulia fibula mtu wa aina hii ya tatu ni kumkatia wayo damu.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Daktari anaweka vidole juu ya wayo, anasikia mapigo. Anaweka nyuma ya kifundo cha ndani, anasikia mapigo. Anaandika kwenye faili kwamba mguu uko salama. Lakini peronea inayofanya kazi ya wenzake hutoa mapigo mazuri kabisa mahali pale pale. Kidole kinakuambia damu imefika. Hakikuambii imepita njia gani, na njia ndiyo unayokwenda kuikata.

Mwenye Doppler ndogo ya mkononi, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, anaweza kupata dalili. Anzia juu ya wayo, ufuate sauti ya ateri kuelekea juu, ukipita mbele ya kifundo hadi katikati ya muundi. Tibia ya mbele iliyo nzima husikika njia yote. Sauti ikihamia upande wa nje karibu na kifundo cha nje kisha ikapotea, shuku kwamba peronea ndiyo inayolisha pale. Fanya hivyo hivyo kwa tibia ya nyuma, kutoka nyuma ya kifundo cha ndani kwenda juu. Hiki ni kipimo cha kukutia shaka, si cha kukupa ruhusa.

Ruhusa inatoka kwenye picha: CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa kwa dawa ya rangi, au ultrasaundi ya mishipa iliyofanywa na mtu anayeijua, pale ambapo CT haipatikani au figo haziruhusu dawa. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe kabla. Piga picha miguu yote miwili, kwa sababu tofauti hizi huweza kuwa upande mmoja tu, na mguu wa pili ukakuokoa. Ripoti inayosema tu kwamba mishipa iko sawa irudishwe. Unataka sentensi tatu: tibia ya mbele inaonekana hadi wapi, tibia ya nyuma hadi wapi, na peronea inaishia wapi. Kwa mwenye kisukari au mvutaji sigara wa miaka mingi, soma pia ugumu wa kuta za ateri. Presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 ni onyo. Likizidi 1.3 usifurahi: mara nyingi ateri imejaa chokaa na haibanwi na mkanda wa kupimia presha, na presha ya kidole gumba cha mguu ndiyo itakayosema kweli.

Picha ikionyesha peronea magna, mjadala umekwisha kwa mguu huo. Tumia mguu mwingine ikiwa ni mzima, au mfupa wa bega, au ukingo wa nyonga.

Kwenye meza, mkanda wa hewa wa paja hujazwa kiasi cha 100 hadi 150 mmHg juu ya presha ya juu ya mgonjwa, na usizidi saa 2. Mguu uinuliwe tu badala ya kukamuliwa kwa bendeji ya mpira, ili damu kidogo ibaki kwenye vena na mishipa ionekane unapoifikia. Acha sentimita 6 hadi 8 za fibula chini kwa uimara wa kifundo, na 5 hivi juu ili neva ya peronea inayozunguka shingo ya mfupa isiguswe. Unapopita mbele kuelekea utando wa kati ya mifupa, tafuta ateri ya tibia ya mbele na neva iliyo pembeni yake kwa macho, uzisogeze pamoja na misuli. Ikiwa ateri hiyo ni nyembamba kuliko ilivyoonekana kwenye picha, simama.

Mfupa ukishakatwa juu na chini, peronea huonekana ncha ya chini. Usiikate. Ibane kwa klempu laini (kibano cha mishipa), legeza mkanda wa paja, ungoje dakika 10. Dakika za mwanzo wayo hupata wekundu wa kurudi kwa damu, na wekundu huo hudanganya. Baada yake bonyeza ncha za vidole uone damu inarudi ndani ya sekunde 2 au 3, weka oksimita (kipima oksijeni ya damu) kwenye kidole gumba uangalie wimbi, si namba peke yake, na sikiliza Doppler juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Vidole vikipauka, kwanza pasha chumba joto na umwagie ateri papaverini, dawa ya kulegeza mishipa, maana mshipa ulioshikwashikwa hujikunja. Vikibaki vyeupe, toa klempu. Flapu, yaani mfupa na mishipa yake, bado inalishwa kutoka juu, hivyo hujapoteza kitu. Mfupa unaweza kurudishwa mahali pake.

Juu, fuata peronea hadi inapoachana na tibia ya nyuma. Tamaa ya shina refu humfanya mpasuaji afunge karibu mno na njia panda, uzi ukabana ukuta wa tibia ya nyuma. Acha kisiki kifupi cha milimita chache.

Kufunga jeraha nako kumeua miguu. Kiraka cha ngozi kilichochukuliwa pamoja na mfupa kikizidi upana wa sentimita 4 au 5, usivute kingo zikutane kwa nguvu. Weka ngozi ya kupandikiza kutoka pajani. Banzi la plasta likae nyuma tu, kifundo kwenye nyuzi 90, vidole vyote vikiwa wazi. Muuguzi aviangalie kila saa kwa siku ya kwanza: rangi, joto, damu kurudi, na maumivu anaponyooshewa vidole. Maumivu yanayozidi licha ya dawa, muundi ukiwa mgumu kama ubao, ni shinikizo ndani ya vyumba vya misuli hata kama mapigo bado yanasikika. Bendeji zikatwe hadi kwenye ngozi mara moja, nyuzi zitolewe, na kama hakuna nafuu fasia, utando unaofunga misuli, ifunguliwe usiku huo huo, bila kungoja raundi ya asubuhi.